Daktari Anaposema "Miaka Mitano": Je, Anadai Elimu ya Ghaibu?



Swali hili liliulizwa kwenye darsa yetu, na dada aliyeuliza hakuliuliza kwa nadharia. Mama yake mdogo ana saratani ya mlango wa kizazi na anaanza tiba ya mionzi. Daktari ameieleza familia ni wangapi kati ya wagonjwa wa hatua yake huwa hai baada ya miaka mitano. Shangazi akakasirika: ajali ya mtu iko kwa Mola wake, daktari kaijulia wapi?

Shangazi hakukosea katika itikadi. Mwisho wa Suratu Luqman tunafundishwa kwamba nafsi haijui itafia ardhi gani. Lakini daktari hakuzungumzia nafsi moja. Alizungumzia kundi. Takwimu za Marekani, kwa mfano, zinaonyesha kwamba ugonjwa ukigunduliwa ungali kwenye mlango wa kizazi tu, takriban wanawake 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ukiwa umeenea sehemu za jirani ni kama 6, na ukifika viungo vya mbali hawafiki 2. Mama mdogo ni yupi kati yao? Hilo daktari halijui, wala hakudai kulijua.

Tena mafaqihi wetu wenyewe waliwauliza matabibu swali la namna hii. Mtu aliye katika maradhi ya kuhofiwa akigawa mali yake kisha akafa kwa maradhi hayo, zawadi zake haziwafungi warithi zaidi ya theluthi. Basi nani aseme kwamba maradhi haya ni ya kuhofiwa? Imam Nawawi katika Minhaj al-Talibin ameweka kwamba ikiingia shaka, ushahidi ni wa matabibu wawili waadilifu. Hakuna aliyesema wanashiriki ghaibu. Ni dhana yenye nguvu, na fiqhi hujenga hukumu nyingi juu yake, kama anayejitahidi kutafuta kibla safarini.

Dhana hiyo wanaijengaje? Jambo la kwanza ni hatua ya ugonjwa: ukubwa wa uvimbe, kama umefika kwenye tezi za limfu, kama umebana mirija ya mkojo hadi figo kuvimba. Huangalia pia wingi wa damu, kwa kuwa wenye upungufu mkubwa wa damu kwa kawaida hupata matokeo mabaya zaidi. Na huangalia kama mwili utahimili dawa ya sisplatini pamoja na mionzi, kwani tangu 1999 imejulikana kwamba viwili hivyo pamoja huokoa wengi kuliko mionzi peke yake.

Lakini lipo jambo moja ambalo shangazi angelisikia, hasira yake ingehamia kwingine. Ni siku. Mionzi ya nje hutolewa kwa kawaida siku tano kwa wiki, kwa wiki tano hivi, kisha hufuata mionzi ya ndani, na yote yanatakiwa yaishe ndani ya wiki 8. Kila siku inayozidi hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa kiasi cha nusu asilimia hadi asilimia moja, maana seli zilizobaki huendelea kuzaana. Wiki mbili za kutafuta nauli si jambo dogo. Hapa Uganda tunalijua hilo kwa uchungu: mashine ya mionzi ya Mulago ilipoharibika 2016, nchi nzima ilikaa bila tiba hiyo ya umma hadi mashine mpya ilipozinduliwa Januari 2018. Aliyekuwa na pesa alikwenda Nairobi.

Kwa hiyo familia inayoficha habari ili "asivunjike moyo", kisha ikampeleka kliniki leo na kesho ikamrudisha kijijini kwa ajili ya harusi, inacheza na hesabu ileile isiyotaka kuisikia. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa, kwa upole, akiuliza. Ana madeni, ana amana za watu, ana wasia wa kuandika akili yake ikiwa timamu.

Dada yule aliuliza pia kuhusu ibada. Damu inayotoka kwa sababu ya uvimbe, nje ya siku za hedhi, ni istihadha: ajisafishe, ajifunge, atawadhe kwa kila faradhi baada ya wakati kuingia, aswali, hata kwa kukaa au kulala. Ramadhani ikimkuta katikati ya matibabu, asiahirishe hata siku moja ya mionzi ili afunge. Mionzi ya nje yenyewe haifunguzi, ila mgonjwa ana ruhusa ya kula. Siku ya mionzi ya ndani, kwa madhhab ya Shafi, chombo kinachoingizwa ukeni kinafunguza, basi asijitese. Atalipa akipona, na akiwa hatarajiwi kuweza tena, atatoa fidia ya kibaba kwa kila siku.

Mama mdogo ameanza Jumatatu. Nauli ya wiki mbili za kwanza imepatikana. Ya wiki zilizobaki tunaichangisha baada ya swala ya Ijumaa, mlango wa akina dada.