Hukupelekwa Marekani Kupigwa Picha: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Maneno haya ni ya mwanafunzi wa sekondari wa Tanga, Unguja, Mombasa au Garissa aliyefaulu usaili wa programu ya mabadilishano na sasa anahesabu siku za kupanda ndege. Wazazi wake wasome pia. Programu inayofahamika zaidi huku kwetu ni YES, ile ya Maseneta Edward Kennedy na Richard Lugar, iliyoanzishwa 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ili vijana kutoka nchi zenye Waislamu wengi wakae mwaka mzima wa masomo na familia za Kimarekani. Lakini masharti yangu hayachagui programu. Hesabu na historia utafundishwa darasani. Kiingereza cha huko utakizoea kabla ya Krismasi. Panapowashinda wengi ni kwenye saa za kujitolea, kwa sababu wanakwenda wakidhani kujitolea ni kuonekana.

KABLA HUJAANZA

Jua viza yako inakataza nini. J-1 ya mwanafunzi wa sekondari hairuhusu ajira, iwe ya kutwa au ya nusu siku. Kinachoruhusiwa ni vibarua vya hapa na pale, kama kumwangalia mtoto wa jirani au kukata majani uani. Sasa ukiambiwa ukajitolee kupanga bidhaa kwenye duka la shemeji wa baba mwenyeji, huko si kujitolea. Ni ajira isiyo na mshahara, na inaweza kukukatizia safari. Kataa kwa adabu, kisha mpigie simu mratibu wako siku hiyo hiyo. Mahali pa kujitolea ni shirika lisilotafuta faida, shule, maktaba, hospitali, bustani ya manispaa.

Usiandike kuosha vyombo kwenye fomu ya saa za kujitolea. Kazi za nyumbani ni wajibu wako kama mtoto yeyote wa nyumba hiyo. Familia inayokupokea kwa programu hizi hailipwi hata senti moja. Inakulisha kwa hiari yake. Wa kuhesabiwa saa za kujitolea hapo si wewe.

Tafuta kazi mwenyewe. Kwetu mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Kule jembe unaliomba: unajiandikisha, unajaza fomu, mama au baba mwenyeji anatia saini kwa kuwa hujatimiza miaka 18, na pengine unahudhuria mafunzo kabla ya kuruhusiwa kugusa chochote. Anayekaa chumbani akisubiri kuitwa atafika Mei hana saa hata moja. Uliza mapema shule yako inadai nini. Maryland, kwa mfano, mwanafunzi wa shule za umma hahitimu bila saa 75 za huduma kwa jamii. Kwingine sharti linawekwa na wilaya ya shule, na kwingine halipo kabisa.

Panga usafiri wiki nzima kabla. Sehemu nyingi hakuna daladala wala matatu, na programu yako haitakuruhusu kuendesha gari. Maana yake kila saa unayojitolea kuna mtu mzima ameacha shughuli zake akupeleke na kukurudisha. Ya Jumamosi yaseme Jumapili iliyotangulia. Mama mwenyeji si bodaboda wa kupigiwa simu uko mlangoni.

UKIWA KAZINI

Fika dakika kumi kabla ya muda. Vaa viatu vinavyofunika vidole. Simu ikae mfukoni. Ukiugua, toa taarifa kabla ya zamu kuanza, si baada ya kutafutwa.

Fanya kazi uliyopewa, hata kama haina sura. Chukua ghala la chakula, mahali ambapo pengine utapelekwa kwanza. La kwanza la aina hiyo lilianzishwa na John van Hengel mjini Phoenix, Arizona, mwaka 1967, na leo mengi yanaendeshwa kwa mikono ya watu kama wewe. Utavalishwa glavu na kusimamishwa mbele ya meza yenye lundo la makopo ya michango. Unasoma tarehe. Unapitisha kidole kwenye mshono wa kopo. Lililovimba linatupwa, lililobonyea kwenye mshono linatupwa, lisilo na lebo linatupwa hata kama linang'aa. Mengine unayapanga kwenye boksi, maharage na maharage, supu na supu, hadi boksi lijae, kisha unavuta lingine. Zamu nzima inaweza kupita usimwone mtu mmoja mwenye njaa, na hakuna atakayekushukuru zaidi ya msimamizi atakayekuambia ufagie kabla ya kuondoka. Aliyekuja kutafuta mtoto wa kumkumbatia mbele ya kamera amekosea mlango. Hiyo ndiyo kazi, na kopo moja bovu likipenya litaishia mezani kwa mtu asiye na pesa ya daktari.

Usiwe mtu wa sikukuu tu. Siku ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, majiko ya kulishia wasio na makazi hupata watu wa kujitolea wengi kuliko sufuria zilizopo. Siku ya Martin Luther King, Jumatatu ya tatu ya Januari, imewekwa kisheria tangu 1994 kuwa siku ya taifa zima kujitolea, na hapo pia watu hujaa. Nenda siku hizo, sikukatazi. Kisha rudi Jumamosi moja ya Februari, theluji ikiwa imefika magotini na orodha ya zamu ina nafasi tupu. Msimamizi wa jiko anawakumbuka wa Februari.

Sema mipaka ya dini yako siku ya kwanza, kwa sauti ya kawaida. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vijana wa pwani wanapokwama. Shule nyingi za kule hupeleka wanafunzi kwenye vituo vya wanyama walioachwa, na wanyama wenyewe wengi ni mbwa. Wewe umelelewa katika madhehebu ya Shafii; unajua mate ya mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba na mojawapo kwa udongo. Mwenyeji wako hajui lolote kati ya hayo. Kwake, mtu anayekwepa mbwa ni mwoga au hana huruma. Basi usinune, usijifanye mgonjwa, na usijilazimishe halafu ukalie chooni. Mwambie: mbwa sitawashika, lakini nitafua mablanketi, nitahudumia paka, nitaandika kadi za wanyama, nitapokea simu. Kituo cha wanyama hakikosi nguo za kufua. Utapewa kapu siku hiyo hiyo, na ukilimaliza watakuona mtu wa maana.

Ila usigeuze dini kuwa kichaka cha kujificha. Anayekataa zamu kwa sababu ya udhu wake, kisha alasiri nzima akalala mpaka sala ikampita, anatudanganya sote.

Jikoni ni vivyo hivyo. Kama sahani zinapakuliwa nyama ya nguruwe, omba upewe kijiko cha mboga au kapu la mikate. Ukiwa umefunga, usinyanyue maboksi mpaka uanguke ili uonekane hodari. Omba kazi ya kukaa, kwa kuwa hakuna atakayebuni mwenyewe kwamba hujanywa maji tangu alfajiri. Sehemu nyingi za kugawia chakula ziko kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Kupanga makopo humo hakukutoi kwenye Uislamu, kama ambavyo kijana wa Kilutheri kutoka Moshi hatabadilika akipangwa kugawa futari kwenye msikiti wa Dearborn, Michigan. Kuhudhuria ibada yenyewe ni jambo jingine. Ukialikwa, amua mwenyewe kwa hiari yako, lakini usiiandike kwenye fomu ya saa.

Heshimu wazee kwa namna watakayoielewa. Kwenye nyumba za kutunzia wazee hakuna wa kuitikia shikamoo yako, lakini usimwite bibi wa miaka 85 kwa jina lake la kwanza mpaka akuruhusu mwenyewe. Keti usawa wa macho yake. Sema polepole; lafudhi yako ni ngeni na masikio yake yamechoka. Na ukisema utarudi Jumatano, Jumatano uwepo. Usiahidi kwa mazoea kama tunavyoagana kwetu kwa "nitakuja, nitakuja".

Usijidai fundi. Kwenye ujenzi wa nyumba za Habitat for Humanity, aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kwenye eneo la ujenzi kazi ikiendelea, na aliye chini ya 18 hapandi paa wala hashiki msumeno wa umeme. Ukipewa brashi ya rangi, paka rangi. Na ukisikia mtu akikusimulia kwamba hayo ni mambo ya Kimarekani yatakayokuja kutufaa siku moja, mweleze kwa upole kwamba Millard na Linda Fuller waliujaribu mpango huo Mbandaka, Zaire, kuanzia 1973, na ndipo wakaanzisha shirika lao Georgia mwaka 1976.

MARUFUKU, BILA MJADALA

Usimpige picha mtu anayepokea msaada, hata kwa mgongo, hata kwa siri. Yule mama aliyepanga foleni na watoto wawili anaweza kuwa mama wa mwenzako wa darasani.

Usiongeze saa. Muda wa kukaa ndani ya gari hauhesabiwi, wala wa kula piza baada ya kazi. Fomu isainiwe na msimamizi siku ile ile ukiwa mbele yake.

Usitoke na chakula cha msaada, hata kopo moja ambalo "lingetupwa tu".

Usiseme kwa mshangao, "Kumbe na nyinyi mna maskini!" Wanao, wanajua, na baadhi yao wamesimama karibu yako.

Usichangishe fedha kwa kusimulia dhiki isiyo yako. Utaombwa kuzungumza, hasa Novemba, kwenye Wiki ya Elimu ya Kimataifa. Zungumzia unapopajua: mtaa wako, soko lako, shule yako, mvua inapochelewa bei ya mchicha inakuwaje. Bara zima hukukabidhiwa. Kama si Mmasai, usivae kimasai ili kuwafurahisha. Na kama hujawahi kulala njaa, usilale njaa jukwaani. Ukiona shule yako ya nyumbani inahitaji msaada kweli, mwambie mratibu na mwalimu mkuu wako kwanza. Wao ndio wenye haki ya kuiombea shule, si wewe na ukurasa wako wa intaneti.

UKIRUDI

Kama safari yako ililipiwa na serikali ya Marekani, viza ile huwa na sharti la kukaa nyumbani jumla ya miaka 2 kabla ya kuomba kuhamia kule au kwenda kufanya kazi kwa viza nyingi za ajira. Usilichukue kuwa adhabu. Ndiyo nafasi ya mradi wa kujitolea kwenye jamii yako, na mradi ndio unaotuonyesha ulijifunza nini.

Usianze na fulana. Nimeona miradi iliyokuwa na fulana, bango na ndege isiyo na rubani ya kupigia picha, haina ndoo ya kumwagilia. Jumamosi miche inapandwa kwa nyimbo, Jumatatu mbuzi wanaimaliza. Wangari Maathai wa Kenya alikwenda Kansas mwaka 1960, kwenye mpango ule wa ndege za wanafunzi alioupigania mwanasiasa Tom Mboya, na ambao mwaka huo ulipata dola 100,000 kutoka kwenye mfuko wa familia ya akina Kennedy hao hao. Alipoanzisha harakati ya kupanda miti ya Green Belt mwaka 1977, akina mama walipewa malipo madogo kwa mche uliopona. Shimo lililochimbwa halikulipiwa. Nawe tumia hesabu hiyo. Usituletee idadi ya miche iliyopandwa. Tuletee ya iliyobaki baada ya kiangazi.

Kabla ya kusafisha ufuko, uliza takataka zitakwenda wapi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017 na Tanzania Bara Juni 2019, kwa hiyo mtakachookota zaidi ni chupa, nyavu, kandambili na pempasi. Bila gari la halmashauri au la kaunti, magunia yenu yatalala palepale juu ya mstari wa maji, na bamvua litayafungua.

Bisha hodi. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa sheha, kwa chifu. Nenda kwa mwalimu mkuu. Usiingie na mradi uliokwisha andikwa kwa Kiingereza. Uliza wanataka nini, kisha nyamaza usikilize. Wewe umekuja na somo la uongozi, wao wanataka mfereji wa kuvunia maji ya mvua bwenini. Fanya mfereji. Pengine watakwambia hawataki mradi wowote kutoka kwako, ila Jumamosi kuna msaragambo wa kubeba mchanga wa zahanati, na mikono haitoshi. Beba mchanga. Na usithubutu kuwahutubia juu ya moyo wa kujitolea watu ambao darasa ulilosomea walilijenga kwa msaragambo au harambee kabla hujazaliwa.

Fedha za mradi zisikae kwako peke yako. Zishikwe na watu wawili, mmoja awe mtu mzima wa mtaa. Kila risiti ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, ya saruji, ya usafiri, hata ya katoni ya maji mliyokunywa wenyewe.