Dondoo muhimu: Kusakinisha mfumo endeshi kwenye seva iliyo mbali

Kwanza hakikisha unaifikia seva kupitia mlango wa usimamizi wa mbali, kama IPMI, iDRAC au iLO. Bila mlango huo, kazi ikikwama katikati itabidi mtu afunge safari hadi kwenye chumba cha seva.

PXE, yaani kuwasha kwa mtandao, huanza na DHCP: seva hupewa anwani ya IP, kisha huelekezwa kwenye faili la kuwashia, ambalo huvutwa kwa TFTP kupitia poti 69 ya UDP. Wengi hukwama hapa. Mashine ya BIOS hutaka pxelinux.0, ya UEFI hutaka faili la .efi, kama grubx64.efi. Ukiyachanganya, haiwaki. DHCP mbili kwenye mtandao mmoja nazo ni balaa, kwa hiyo tenga VLAN ya usakinishaji. Na kwa kuwa TFTP hujikokota, mafaili makubwa yavute kwa HTTP ukitumia iPXE.

Majibu ya usakinishaji yaandike mapema: preseed kwa Debian, Kickstart kwa Red Hat.

Mwisho, kuwasha kwa mtandao kuwe kwa mara moja tu: ipmitool chassis bootdev pxe. Ukiuacha mtandao uwe wa kwanza daima, siku umeme ukikatika na kurudi, seva inaweza kujisakinisha upya na kufuta data yote.