Shangazi, nifichue siri ya fresha wangu?

Niko mwaka wa pili katika chuo kimoja mjini Kisii, na nyumbani ni Nyamache. Muhula huu nimekabidhiwa fresha watano, wanafunzi wa mwaka wa kwanza, niwaongoze. Mmoja ni kijana wa kijijini kwetu. Kanisa zima lilichanga Sabato moja ndipo akapata nauli na godoro. Juzi nilimkuta amelala saa saba mchana, sufuria kavu, simu kaificha chini ya mto. Pesa zake za matumizi kutoka HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, amezibeti zote kwa siku nne. Aliniapisha nisimwambie mtu. Namlisha, na sasa hata mimi nimeanza kukopa. Mama yake hunipigia kila Jumapili akiuliza kama mwanawe anasoma. Nami humjibu, anasoma. Nifanye nini?

Kaka Mkubwa, Nyamache

Kijana huyo hakumwambia mamake wala pasta wala mhadhiri. Alikwambia wewe, kwa sababu mwaka jana tu nawe ulikuwa fresha. Umeifanya vizuri sehemu ngumu zaidi ya kazi hii, kuaminiwa.

Kwenu Gusii jambo hili si geni. Wavulana wakitahiriwa Desemba, anayekaa nao ni kijana aliyetangulia kupita njia hiyo, omosegi. Huwaonyesha la kufanya, huwatia moyo usiku. Lakini kidonda kikianza kuoza haketi nacho. Huita watu wazima mara moja. Mwanangu, kidonda hiki kimeanza kuoza.

Rudi kwake umwambie waziwazi: nilikuahidi jambo lililonishinda. Kisha nendeni pamoja kwa mshauri nasaha wa chuo. Usimwelekeze tu ukarudi darasani. Mfikishe mlangoni, umngoje nje ikibidi, kwa maana aibu humgeuza mtu njiani. Na wale fresha wanne waliobaki, waambie mapema kwamba siri zao utazitunza, ila ya kuhatarisha maisha au ya kukuzidi nguvu utaipeleka kwa anayeweza kusaidia.

Chakula mkipike pamoja, ugali na sukuma, kadiri ya uwezo wako. Pesa taslimu usimpe hata shilingi. Aliyepoteza kwa kubeti huamini mchezo mmoja tu utarudisha zote, na utakachomkopesha kitafuata njia ileile. Aelewe pia kwamba alichobeti ni deni. Mkopo wa HELB hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na atadaiwa hata kama hakununua daftari moja. Nawe acha kukopa. Mweleze anayesimamia mpango wenu chuoni kwamba mzigo umekulemea. Hiyo si aibu.

Sasa mama. Neno "anasoma" usilirudie tena, maana siku ukweli ukitoka atakuwa amedanganywa na watoto wawili. Hata hivyo, habari hii ni ya mwanawe kuitoa. Mpe hadi Jumapili, apige simu mwenyewe, nawe uketi kando yake. Akikataa, mama akipiga mwambie: "Mama, zungumza na mwanao, ana shida na anakuhitaji." Hayo yatosha. Huenda akalia, huenda akafoka. Mama aliyechuma majani chai asubuhi za baridi ili mtoto aende chuo ana haki ya vyote viwili. Lakini atajua, na ataanza kusaidia.

Ila kijana akitamka kwamba amechoka kuishi, au akitoweka chumbani, hapo hakuna siri wala Jumapili ya kungojea. Saa hiyohiyo mwite mtu mzima, na usimwache peke yake.

Nenda kwake jioni hii, kabla hajapata wa kumkopesha.