Macho Mazima, Lakini Mtoto Haoni

Swali: Mtoto wetu amepona malaria iliyompanda kichwani, ila tangu azinduke haoni. Munganga wa macho anasema macho yake ni mazima. Inawezekanaje?
Msomaji, Katuba, Lubumbashi

Jibu: Inawezekana kabisa. Jicho hupokea mwanga tu. Kinachoufanya uwe sura ni ubongo, hasa sehemu yake ya kisogoni. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Gordon Holmes, daktari wa jeshi la Uingereza, aliwapima askari waliojeruhiwa kisogo: macho yalikuwa salama, lakini walipoteza sehemu ya kuona iliyolingana na mahali pa jeraha. Malaria ya ubongo huziba mishipa midogo ya damu, degedege ikazidisha madhara, na kisogo kikakosa oksijeni. Mtauliza: mbona mboni husinyaa akimulikwa tochi? Njia inayosinyaza mboni huishia kwenye shina la ubongo, haifiki kisogoni. Kwa hiyo mboni kusinyaa si ushahidi kwamba anajifanya, wala hapa hakuna uchawi (najua majirani wameshasema). Watoto wengi hurudiwa na kuona baada ya wiki au miezi, ingawa si wote. Miwani haitamsaidia. Mpelekeni kwa munganga wa watoto achunguzwe ubongo, na degedege ikirudi msingoje asubuhi.