Kujenga Kivuli cha Bustani Pamoja na Wageni wa Kujitolea

Juni, vyuo vya Marekani na Ulaya vikishafunga, vikundi vya makanisa ya huko huanza kuwasili Dodoma: vijana na kiongozi wao, wakitafuta kazi ya mikono ya wiki moja au mbili. Kivuli cha bustani, yaani neti iliyotandazwa juu ya nguzo, kinawafaa. Ni kazi ya kujifunza ndani ya saa chache, na miezi hiyo ndiyo mboga zinapoungua, kwani mvua ya Dodoma hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Nawaandikia ninyi kamati ya wenyeji, maana wageni wataondoka na kivuli kitabaki mikononi mwenu.

Fundi na vibali. Mtafuteni fundi wa mtaani kabla hamjawatumia wageni bajeti, na ujira wake uwemo. Yeye ndiye msimamizi, wageni ni vibarua wake, hata akiwemo mhandisi kati yao. Uhamiaji nako msikuache hadi dakika za mwisho: viza ya matembezi haimruhusu mgeni kufanya kazi, hata ya bure.

Eneo. Tuchukue kivuli cha mita 6 kwa 9, chenye nguzo 12 zilizopishana mita 3. Juu ya ardhi ziwe na mita 2.2, mtu apite na ndoo kichwani bila kuinama. Upande mrefu uelekee mashariki na magharibi.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri la Dodoma haliko utosini, liko kaskazini, na kivuli cha neti iliyo juu mita 2.2 huangukia kusini kwa zaidi ya mita moja. Matuta yakikaa sawasawa chini ya neti, yale ya kaskazini yatachomwa na jua mchana kutwa. Yasogezeni kusini mita moja, au neti ipite nguzo za kaskazini kwa kiasi hicho. Desemba jua huhamia kusini, lakini wakati huo mvua imeanza na neti inaweza kukunjwa. Kwa jua la alasiri, shusheni pazia la neti upande wa magharibi.

Kupiga skwea. Pigeni mambo pembe nne, vuteni kamba, kisha pimeni ulalo kutoka pembe hadi pembe. Vipimo vyote viwili visome mita 10 na sentimita 82. Vikipishana, msichimbe.

Mashimo. Ardhi ya Julai ni ngumu kwelikweli. Mwageni maji kwenye alama jioni, mchimbe kwa mtaimbo kuanzia saa 1 asubuhi, na ikifika saa 5 wageni wakae kivulini wanywe maji. Shimo liwe na sentimita 70: kumi za kokoto chini, sitini za nguzo. Nguzo nzima basi ni mita 2.8.

Adui ni mchwa. Nunueni nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa. Bajeti ikiruhusu, mabomba ya chuma. Mafundi wengi hupaka oili chafu. Karibu na mchicha utakaoliwa, mimi sikubali. Nguzo zipangwe kwenye njia, zisiingie ndani ya matuta.

Zege likishamiminwa mashimoni kuzunguka nguzo, subirini siku tatu au zaidi kabla ya kukaza waya. Vijana hawatakosa kazi: kuna samadi ya kubeba na matuta ya kuinua.

Waya. Tumieni waya wa mabati wa geji 12, toka nguzo hadi nguzo na kukatiza katikati. Nguzo za pembeni zifungwe waya wa kuzishikilia hadi kwenye vigingi vya nje, la sivyo zitainama ndani waya ukikazwa. Kila kichwa cha nguzo kivikeni kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, na ncha za waya zikunjwe kuelekea chini. Neti hufa kwa kusuguliwa kabla ya kufa kwa jua.

Neti. Kwa mchicha, sukuma wiki na nyanya, neti inayozuia asilimia 35 hadi 50 ya mwanga inatosha. Neti ya asilimia 80 iachieni maegesho ya magari. Chini yake mboga hurefuka na kulegea. Kunjeni ukingo mara mbili, mshone kwenye waya kwa uzi wa nailoni, si waya wa kufungia nondo, ambao hushika kutu na kukata. Ikazeni sana. Upepo wa Dodoma huichana neti inayopigapiga. Upande mmoja ufungwe kwa fundo la kufunguka haraka, ili neti ishushwe dhoruba ikija.

Mwachieni mtunza bustani kipande cha akiba na uzi wake, na fundi amfundishe kushona kiraka wageni wangali wapo. Wakiuliza walete nini kwenye masanduku, waambieni glavu, kofia na tepu za kupimia. Neti inunuliwe duka la pembejeo mjini, ili ikichanika mwakani mjue pa kuipata.