Umeungama kwa Padre: Na Nyumbani Je?



Ni Jumamosi jioni wakati wa Kwaresima. Bwana mmoja ametoka kuungama katika parokia yake hapa Machakos, naye anarudi nyumbani moyo ukiwa mwepesi. Mwezi uliopita aliuza mbuzi watatu waliowekwa kwa ajili ya karo, fedha akazinywa, kisha akamwambia mkewe kwamba karo imelipwa. Leo amemweleza padre yote na kupewa maondoleo. Nyumbani anakula muthokoi, anasali rozari pamoja na watoto, analala. Hamwambii mkewe neno. Jumatatu mtoto anafukuzwa shuleni kwa kukosa karo.

Mfano huu tumeutunga, lakini wengi wetu tutajiona ndani yake. Je, bwana huyu aliungama bure? La. Ikiwa alijuta kwa kweli na kukusudia kuacha, Mungu amemsamehe. Bwana Yesu aliwapa Mitume uwezo wa kuondoa dhambi (Yoh 20:22-23), na uwezo huo haushindwi na mbuzi watatu. Lakini kazi yake haijaisha.

Sisi watu wa Ukambani tunajua mvua kubwa inavyochimba korongo shambani. Mvua ikikatika, korongo halijifukii lenyewe. Lazima mwenye shamba ashike jembe na sepetu achimbe fanya juu. Ndivyo ilivyo dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 (namba 1459) inafundisha kwamba maondoleo yanafuta dhambi, lakini hayatengenezi yote yaliyoharibiwa nayo. Mwenye kutubu anapaswa kurekebisha madhara kadiri awezavyo. Zakayo hakuishia kufurahi kwamba Yesu ameingia kwake. Aliahidi kurudisha mara nne alichodhulumu (Lk 19:8).

Papa Yohane Paulo II, katika Familiaris Consortio ya mwaka 1981 (kifungu 58), aliwakumbusha wana ndoa kwamba dhambi inapingana na agano letu na Mungu, na pia na agano la mume na mke. Basi, tuzingatie mambo manne.

1. Ungama dhambi zako, si za mwenzako. Wako wanaopiga magoti na kumweleza padre ulevi wa mume au ukali wa mke, na zao wenyewe wasizitaje. Hayo ni mashtaka, si maungamo. Kabla ya kwenda, jiulize: Nimesema uongo gani nyumbani? Nimeficha fedha gani? Nimemnunia nani siku ngapi?

2. Omba msamaha nyumbani. Bwana yule angemketisha mkewe usiku ule na kusema: "Mama watoto, karo sikulipa. Fedha nilizinywa. Nisamehe, na tupange nitakavyozirudisha." Maneno hayo ni mazito kuliko jiwe, lakini mke angeyasikia kwa mumewe, si kwa mwalimu. Naye aliyeombwa msamaha asiufanye kuwa deni la kudaiwa kila mwaka.

3. Heshimu siri ya maungamo. Padre hawezi kumfunulia yeyote aliyoambiwa. Sheria ya Kanisa (kanuni 983) inamkataza kabisa. Mke asiende kumchunguza padre, wala mume asimhoji mkewe: "Ulimwambia nini?" Yatosha kuona matunda.

4. Kuhusu uzinzi, tafuta shauri. Kanisa halimlazimishi mtu kumsimulia mwenzake kila dhambi aliyoungama. Pengine kueleza bila busara kunaongeza jeraha. Mwulize padre huko huko kwenye maungamo namna ya kutengeneza. Lakini jambo moja halina mjadala: aliyejiweka katika hatari ya ukimwi hana haki ya kumwingiza mwenzake katika hatari hiyo. Ajizuie, akapimwe, na mwenzake asiachwe gizani.

Kanuni 989 yatutaka kuungama dhambi kubwa angalau mara moja kwa mwaka. Hicho ni kipimo cha chini. Nyumba haifagiliwi mara moja kwa mwaka. Wana ndoa wanaokwenda kila mwezi, kila mmoja kwa zamu yake huku mwingine akimsubiri na watoto, huwafundisha watoto hao bila hotuba: baba na mama nao hukosea, nao hutubu.

Basi, ukitoka kuungama Jumamosi hii, usikawie njiani. Kuna mtu nyumbani anayengoja sehemu yake.

Maswali ya kujadiliana wawili:
- Ni lini mara ya mwisho nilipokuomba msamaha kwa maneno?
- Kuna jambo gani nililosamehewa ambalo sijalitengeneza?
- Tutakwenda kuungama lini, na nani atabaki na watoto?