Kopo na Wimbo

Je, kijijini kwako yupo mtoto mwenye ulemavu wa akili anayefichwa ndani? Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 inampa haki ya elimu kama wenzake. Lakini ataanzaje? Aanze na kayamba. Huna kayamba? Chukua kopo, tia punje za mahindi, ulifunge barabara asije akazimeza. Imba: maji, sabuni, sugua, suuza. Kila neno tikisa mara moja. Kesho imba ule ule, usiubadili. Sisi wakubwa ndio tunaochoka upesi, yeye hachoki! Akishauzoea, nyamaza kabla ya neno la mwisho, umngoje. Usimharakishe, hata zikipita wiki tatu. Siku atakayotikisa mwenyewe, nendeni kwenye maji, mwimbe huku ananawa.